Denmark Imeacha Barua, Haikuacha Wajibu

Tarehe 30 Desemba 2025, kampuni ya PostNord ilifunga kazi ya kupeleka barua nchini Denmark, kazi ambayo posta ya nchi hiyo ilikuwa ikiifanya tangu mwaka 1624. Habari hiyo ilipofika Nairobi ilipokewa kama hukumu. Ikiwa hata Wadenmark, na utajiri wao na mpangilio wao, wameona barua haina kazi tena, sisi tunaibeba Posta ya nini? Nimeyasikia maneno hayo kwa mawakili, kwa wafanyabiashara na kwa vijana ambao hawajawahi kulamba stempu maishani. Wanayasema bila ubaya, kwa sababu wanaziona ofisi za Posta zikififia huku madeni yakipanda. Lakini wameisoma habari hiyo nusu. Kule kumeachwa njia moja ya kufikisha ujumbe, tena baada ya serikali kuhakikisha kwamba kila nyumba ina anwani na kila raia ana njia nyingine. Hapa kwetu tunashauriwa kuacha wajibu wenyewe, yaani wajibu wa taifa kumfikia kila mwananchi kwa bei moja, awe anaishi Westlands jijini Nairobi au Lokichoggio kule mpakani kaskazini. Wajibu huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya posta. Stempu ilikuwa risiti yake.

Tuanze na Denmark yenyewe. Mwaka 2000 Wadenmark walituma barua bilioni 1.4 hivi, mwaka 2024 zilikuwa zimebaki milioni 110. Si kwamba watu walichoka kuandika. Serikali ilijenga sanduku la barua la kidijitali, na kuanzia mwaka 2014 ikawataka wote waliotimiza miaka 15 wapokee humo barua za serikali, isipokuwa wale walioomba kuachiwa karatasi. Barua za hospitali, za manispaa na za kodi zikahamia huko. Kisha Januari 2024 ikaanza kutumika sheria mpya ya posta iliyofungua soko na kuziondolea barua msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani, na bei ya kutuma barua ya kawaida kwa PostNord ikafika kroni 29. Hapo hesabu ikakataa. PostNord ikabaki na vifurushi, na yale masanduku mekundu 1,500 ya mitaani yakaanza kung'olewa. Wengi hapa wameishia hapo. Hawajafika mahali panaposema kwamba barua bado zinapelekwa Denmark. Kampuni nyingine, DAO, iliyokuwa tayari na mtandao wa kusambaza magazeti na vifurushi, imeichukua kazi hiyo, na kwa mujibu wa sheria lazima pawepo mtu wa kupeleka barua. DAO ikijitoa kesho, serikali itawajibika kumtafuta mwingine. Wazee wa huko wamelalamika, na wana haki, kwa maana si kila mtu anaweza kuishi ndani ya simu. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba kuanzia sasa taifa halina haja ya kuwafikia.

Ili kuona uzito wa wajibu huo, turudi kwenye hali ilivyokuwa kabla haujakuwepo. Kabla ya mwaka 1840, barua nchini Uingereza kwa kawaida ililipiwa na aliyeipokea, na bei ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ilizidi shilingi moja, sehemu kubwa ya ujira wa kibarua wa siku nzima. Watu wakabuni mbinu. Waliandika karatasi ikajaa, wakaigeuza ubavu na kuandika tena juu ya maandishi yale yale, ili wasilipie karatasi ya pili. Wengine walitia alama ndogo nje ya barua. Mzazi akiitazama anajua mwanawe ni mzima, kisha anamrudishia tarishi barua yake bila kutoa hata senti. Mkenya yeyote aliyewahi kupiga simu na kuikata kabla haijapokewa anaielewa mbinu hiyo bila kufafanuliwa. Wabunge, kwa upande wao, walituma barua bure, na jamaa na marafiki zao wakaitumia haki hiyo bila haya. Matokeo yake, mzigo wote wa posta ulimwangukia mtu wa kawaida aliye mbali na kwao.

Rowland Hill, mwalimu ambaye hakuwa mtu wa posta, alichapisha kijitabu mwaka 1837 na kuuliza swali moja: umbali wenyewe unagharimu nini? Akakokotoa, akakuta kwamba kuisafirisha barua moja kutoka London hadi Edinburgh kunagharimu sehemu moja ya thelathini na sita ya peni. Barabara haikuwa ikila pesa za posta. Pesa ziliishia kwa makarani waliohesabu karatasi na kuandika madeni, na kwa matarishi waliosimama mlangoni wakingoja kulipwa. Basi, akasema Hill, tozeni bei moja ndogo nchi nzima, kwa uzito, na ilipwe na mwenye kutuma. Bei ya peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi ilianza tarehe 10 Januari 1840. Stempu nyeusi yenye kichwa cha Malkia Victoria ilitolewa Mei mosi na ikaanza kutumika rasmi Mei 6. Haikuwa na vitundu vya kukatia, kwa hiyo karani alishika mkasi na kuikata kutoka kwenye karatasi yake kubwa. Haikuandikwa jina la nchi pia, na hadi leo Uingereza haiandiki jina lake kwenye stempu. Wabunge wakapoteza haki ya kutuma bure mwaka huo huo.

Barua zilipanda kutoka milioni 76 hivi mwaka 1839 hadi karibu milioni 169 mwaka 1840. Faida ya posta, kwa upande mwingine, ilianguka vibaya, na ikachukua zaidi ya miaka 20 kurudi ilipokuwa. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo vizuri. Mpango unaosifiwa leo kuwa mfano wa ufanisi ungefutwa mwaka wa pili kama kipimo kingekuwa faida ya shirika peke yake. Uliachwa uendelee kwa sababu nchi nzima ilikuwa ikifaidi nje ya vitabu vya posta: mwenye duka aliyeweza kuagiza bidhaa kwa barua, mfanyakazi wa kiwandani aliyeweza kuwasiliana na mama yake, gazeti lililomfikia msomaji wa kijijini.

Wazo hilo lilisambaa haraka. Brazili ilitoa stempu zake mwaka 1843, Marekani na Mauritius mwaka 1847, na mwaka 1854 India ikaweka bei moja ya nusu ana, ana ikiwa sarafu ndogo ya huko, kwa barua kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine, nchi ambayo upana wake unaimeza Uingereza mara nyingi. Hatua kubwa zaidi ilikuja tarehe 9 Oktoba 1874 mjini Bern, Uswisi, pale nchi 22 zilipotia saini mkataba uliozaa Umoja wa Posta Duniani, kwa juhudi za Mjerumani Heinrich von Stephan. Zilikubaliana kwamba kwa mambo ya barua dunia ni eneo moja. Kila nchi ibaki na pesa za stempu ilizouza, na ipeleke barua za wengine bila kudai chochote, kwa kudhani kwamba kila barua ina jibu lake. Mkataba wenye ukarimu kama huo ni vigumu kuupata katika karne ile ya kugawana mabara.

Kwetu stempu ilikuja pamoja na biashara na ukoloni. Barua za pwani zilikuwa zikipitia Zanzibar, ambako kulikuwa na posta iliyoendeshwa kutoka India na kutumia stempu za India. Wajerumani walifungua ofisi yao Lamu mwaka 1888 na kuifunga mwaka 1891. Mnamo Mei 1890 kampuni ya Waingereza iliyopewa mamlaka ya kutawala sehemu hii ilichukua stempu za Uingereza, ikapiga juu yake jina la British East Africa Company na bei kwa ana, kwa sababu sarafu ya huku ilikuwa rupia. Kichwa cha malkia kikabaki, jina la kampuni likipita juu. Nikiitazama stempu hiyo naona maelezo mafupi mno ya jinsi tulivyoanza kutawaliwa. Kule Uganda, mwaka 1895, mmisionari Ernest Millar alichapa stempu kwa taipureta, thamani yake ikihesabiwa kwa kauri, yale makombe madogo yaliyotumika kama pesa, kwa kiwango cha kauri 200 kwa rupia moja. Ni vipande vidogo vya karatasi nyembamba vyenye herufi na tarakimu tupu, bila picha wala pambo, na leo wakusanyaji huvitafuta kwa udi na uvumba.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na mifuko ya barua iliyokuwa ikibebwa na matarishi wa miguu ikapanda gari moshi. Mwaka 1903 stempu ziliandikwa majina ya himaya mbili, Afrika Mashariki na Uganda. Mwaka 1922 zikawa za Kenya na Uganda. Mwaka 1935 Tanganyika ikaongezwa. Hata baada ya uhuru, hadi miaka ya 1970, mtu alinunua Kakamega stempu ambayo ingekubalika vilevile Mwanza au Jinja. Wanaopanga leo muungano wa Afrika Mashariki kwenye makaratasi wakumbuke kwamba bei moja na stempu moja tulikuwa nazo, tukaziacha zipotee pamoja na jumuiya iliyovunjika mwaka 1977.

Bei moja ilitufikia, lakini mlangoni hatukufikiwa. Hapa ndipo hoja ya Denmark inapoanza kuteleza. Serikali ya kikoloni haikuona sababu ya kumpelekea Mwafrika barua nyumbani. Mlowezi alikodi sanduku mjini na kumtuma mfanyakazi na mfuko. Mwafrika alipata barua yake kwa mkono wa misheni, shule, chifu au mwajiri. Uhuru ulipokuja tuliurithi mpango huo jinsi ulivyokuwa na kuuongeza masanduku. Waliokua miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka bahasha iliyoandikwa S.L.P. ya shule ya msingi, chini yake jina la mzazi, na chini zaidi kwa herufi ndogo jina la mtoto wa darasa la sita atakayeibeba hadi nyumbani. Mwalimu wa zamu aliyasoma majina gwarideni. Kanisani yalisomwa baada ya matangazo. Mpango huo ulifanya kazi kwa sababu jamii iliibeba sehemu ya mwisho ya safari bila malipo, lakini haukuwahi kuwa mpango wa anwani. Hata namba zetu za posta hazisemi mtu anakaa wapi. Namba 00100 inasema sanduku lako liko posta kuu ya Nairobi, nawe unaweza kuwa unalala Kasarani. Kwa hiyo tunapoambiwa tufuate Denmark, tunaambiwa tufunge mlango ambao sisi hatujaujenga.

Masaibu ya Posta yenyewe yana historia inayoeleweka. Tangu mwaka 1977 barua na simu zilikuwa nyumba moja, Shirika la Posta na Simu la Kenya, na simu ndizo zilizoleta pesa. Mwaka 1999 nyumba hiyo ikagawanywa. Simu zikaenda Telkom, usimamizi ukaenda kwa tume ya mawasiliano, na Posta ikabaki na majengo, masanduku, wafanyakazi na wajibu wa kufika kila mahali. Miaka minane baadaye, Machi 2007, ikaja M-Pesa. Watu husahau kwamba kwa miongo mingi mani oda ndiyo iliyompa Mkenya wa mjini njia ya kutuma pesa za karo na za mbolea nyumbani. Biashara hiyo iliyeyuka ndani ya miaka michache, na wala si vibaya, kwa maana kilichokuja kilikuwa bora mara kumi. Kosa letu ni kwamba tuliendelea kuidai Posta itimize wajibu wa taifa, huku vyanzo vilivyoulipia wajibu huo vikiondolewa kimoja baada ya kingine, na hatukukaa chini kama nchi kuuliza sasa utalipiwa na nani.

Hoja za wanaotaka Posta ifungwe ni tatu, na hazilingani uzito. Iliyo nyepesi zaidi ndiyo inayorudiwa sana: simu imechukua kila kitu. Simu imechukua salamu na pesa, na nadhani hakuna anayetaka zirudi kwenye bahasha. Lakini pasipoti bado ni kijitabu, kitambulisho bado ni kadi, dawa bado ni vidonge, na viatu vilivyonunuliwa kwenye intaneti bado ni viatu. Kadiri tunavyonunua kwa simu ndivyo vitu vingi zaidi vinavyohitaji kubebwa. Mtu wa kaunti ya mbali hujaza fomu zake kwenye mtandao kwa dakika chache, kisha hupanda gari kuifuata karatasi yenyewe kwenye ofisi iliyo kaunti nyingine, akalipa nauli na malazi. Hapo serikali imeihamisha gharama ya posta kutoka kwake hadi mfukoni mwa mwananchi, na ikaita kazi hiyo maendeleo ya kidijitali. Zaidi ya hayo, sheria zetu kadhaa bado zinaruhusu ilani nzito kutumwa kwa posta ya rejista kwenye anwani ya mwisho inayojulikana. Mwenye shamba aliyeacha kulipia sanduku lake miaka mingi iliyopita anaweza kuandikiwa akawa, mbele ya sheria, amepata habari, na yeye mwenyewe hana habari. Kama kweli barua imekufa, ilipaswa kufa kwanza katika sheria, na mahali pake pawekwe kitu kinachomfikia mtu kwa hakika. Wadenmark walianzia hapo.

Hoja ya pili ina uzito kiasi: soko limekwisha kuziba pengo. Ni kweli, na anayelibeza soko hilo hajalitazama. Ingia ofisi yoyote ya mabasi kule River Road jioni. Kijana wa kaunta hupokea katoni, akaandika ubavuni kwa kalamu nene jina la mpokeaji na namba yake ya simu, akaizungusha selotepu mara mbili tatu, akapokea malipo kwa simu na kukata risiti. Mzigo wa Nakuru unaweza kufika usiku huo huo. Ujumbe unamfikia mpokeaji, anaenda na kitambulisho, anachukua. Kwa kasi na uaminifu wa kazi hiyo nawavulia kofia. Waendeshaji boda nao wamejifunza kuifikia nyumba isiyo na namba kwa maelekezo ya duka la mpesa, geti la bluu na mama anayeuza mboga, ujuzi ambao bado hakuna ramani rasmi iliyoufikia. Lakini sikiliza swali la kwanza la yule kijana wa kaunta, kabla hata hajauinua mzigo: "Unaenda wapi?" Karani wa posta, ukimpa barua ya kawaida, huiweka kwenye mizani. Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo tofauti ya kabla na baada ya 1840. Soko huuliza umbali kwa sababu ni lazima liuulize. Basi haliwezi kwenda Lodwar, mbali kaskazini, kwa bei ya Thika iliyo jirani na Nairobi, na mwenye basi hana kosa kwa hilo. Na kijiji ambacho basi halipiti, jibu ni kwamba mpokeaji aje mjini. Anayelipa zaidi ni yule aliye mbali zaidi na kila kitu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo zaidi. Hill aliikuta hali hiyo, na hakuna mfanyabiashara aliyekuwa ameirekebisha, kwa sababu hakuna mfanyabiashara mmoja ambaye ingemlipa kuirekebisha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na mgala muue na haki yake mpe. Inasema kwamba hata kama wajibu ni wa maana, shirika tulilo nalo limeshindwa kuubeba: madeni, mishahara iliyochelewa, kaunta zisizo na wateja, magari yasiyotosha. Sina la kupinga katika maelezo hayo. Ninalopinga ni hitimisho linalotolewa, la kumtupa jongoo na mti wake. Denmark imetuonyesha kwamba wajibu na shirika ni vitu viwili. Wajibu ulibaki katika sheria, mbebaji akabadilika. Tukitaka, sisi pia tunaweza kuutangaza kwa zabuni, eneo kwa eneo: vyama vya wenye matatu vibebe mifuko ya njia kuu, vikundi vya boda vibebe sehemu ya mwisho, maduka yawe mahali pa kupokelea, na Posta ishindane kama wengine kwa nguvu ya majengo yake. Majengo hayo si mzigo tu. Serikali ilipotafuta mahali pa kuweka vituo vya Huduma, vinavyotoa huduma zake nyingi chini ya paa moja, kuanzia mwaka 2013, iliingia kwenye majengo ya posta, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa tayari katikati ya miji na kila mtu anajua yalipo. India, yenye ofisi za posta zaidi ya 150,000, nyingi zikiwa vijijini, ilizindua mwaka 2018 benki inayoendeshwa kupitia ofisi hizo ili kuwafikia watu ambao benki nyingine haziwafuati. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, ya Denmark na ya India, na zote mbili zilianza kwa kuamua kwanza kwamba raia atafikiwa.

Kuna jambo lingine ambalo sijaona likitajwa na wanaotaka milango ifungwe. Chini ya mkataba wa Bern na yaliyoufuata, mifuko ya barua na vifurushi vidogo hubadilishwa kati ya waendeshaji walioteuliwa na nchi zao. Nchi isiyo na mwendeshaji aliyeteuliwa haina mlango katika mtandao huo. Tuliona mwaka 2025 mlango ukibanwa kunakuwaje. Marekani ilipoondoa, kuanzia Agosti 29, msamaha wa ushuru kwa bidhaa zisizozidi dola 800, waendeshaji wa posta hawakuwa wamejua nani atakusanya ushuru huo na kwa utaratibu gani. Umoja wa Posta Duniani ulitangaza kwamba posta ya kuelekea Marekani ilianguka kwa zaidi ya asilimia 80, na waendeshaji 88 wakasimamisha huduma zote za kwenda huko au baadhi yake. Kampuni kubwa za kusafirisha mizigo ziliendelea na kazi. Zina mawakala wao wa forodha na bei zao. Walioumia ni wadogo, wale wanaotuma shanga, kiondo kimoja, kitambaa kimoja kwa mteja aliyekiona kwenye picha. Fundi wa Kariobangi anayetaka kuuza nje hawezi kuanza na makontena. Huanza na bahasha nene, na bahasha hiyo inahitaji mahali pa kupokelewa pande zote mbili za bahari.

Kwa hiyo mjadala wa Posta, nikiangalia mbele, nauona kuwa wa pesa na ramani. Pesa kwanza. Tuna Mfuko wa Huduma kwa Wote chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, unaochangiwa na kampuni zenye leseni, na wazo lake ni lile lile la Hill: aliye karibu na faida achangie kumfikia aliye mbali. Umetumika kupeleka mawimbi ya simu mahali ambapo kampuni hazikuona faida. Kifurushi cha dawa kinastahili heshima ile ile ya mawimbi. Sioni kwa nini sehemu ya mfuko huo isilipie tofauti ya bei kati ya Thika na Lodwar kwa barua na vifurushi visivyozidi kilo mbili, kwa yeyote atakayeshinda zabuni ya kuvibeba, kwa masharti ya siku za kufika na adhabu akichelewa. Tutajua hasa wajibu unatugharimu kiasi gani, badala ya kuuficha ndani ya hasara za shirika moja kisha tukashangaa kwamba lina hasara.

Ramani nayo ni anwani. Miaka kumi hivi iliyopita vijana wa hapa walibuni njia ya kuifanya namba ya simu iwe anwani ya posta, na mtu akapata ujumbe barua yake ikifika. Ni kazi nzuri iliyowaondolea wengi kodi ya sanduku na safari za kwenda kufungua sanduku tupu. Bado namba ya simu humtambulisha mtu, haimtambulishi mlango, na gari la wagonjwa, zimamoto na mpeleka mizigo wote wanautafuta mlango. Kuipa jina kila njia ya mitaa ya Nairobi kama Pipeline na Mathare, na namba kila geti, ni kazi ya kaunti na serikali kuu ambayo haiwezi kuachiwa mwendeshaji boda mwenye kumbukumbu nzuri.

Na kabla ya ofisi yoyote ya posta kufungwa au jengo lake kuuzwa, mbele ya kamati ya bunge iwekwe orodha inayosema kijiji kwa kijiji ni nani wanaotumia ofisi hiyo sasa, ofisi itakayofuata iko kilomita ngapi, nauli ya kwenda huko na kurudi ni kiasi gani, na ni nani atakayelipwa kuwafikia watu hao ofisi yao ikishafungwa. Mbunge anayetaka kupiga kura ya kufunga aisome sehemu inayohusu eneo lake kwa sauti, kumbukumbu za bunge zikiandikwa, kisha apige kura.